Kutoka swali hadi namba: mwongozo wa utafiti wa kaya kwa anayeanza

Wanaoanza kazi ya takwimu za kijamii huniuliza maswali yaleyale. Nihoji kaya ngapi? Nizichague vipi? Uzani ni nini, na ni lazima niutumie? Kwa nini kiwango changu cha umaskini hakilingani na kile cha serikali? Nimekusanya majibu hapa kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe. Mwongozo unamhusu mtu anayefanya kazi katika nchi inayoendelea, ambako wengi wanalima au wamejiajiri, kumbukumbu za mapato yao hazipo kwenye faili la ofisi yoyote, na njia ya uhakika ya kujua hali zao ni kwenda majumbani kuwauliza.

Katika kila hatua jiulize swali hili: namba nitakayoitoa inawasemea watu gani? Programu ya kompyuta itakupa wastani wa chochote utakachoilisha. Haitakuambia kwamba kaya zilizo mbali na barabara hazikufikiwa, wala kwamba umeihesabu familia ya watu tisa sawasawa na mtu anayeishi peke yake.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Orodha ya maeneo ya kuhesabia watu kutoka sensa ya mwisho, yenye idadi ya kaya katika kila eneo, pamoja na ramani zake. Hupatikana kwenye ofisi ya taifa ya takwimu. Peleka barua mapema, kwa sababu jibu huchukua muda.
- Kibali cha utafiti, na maneno ya kuomba ridhaa yatakayosomwa kwa kila mhojiwa kwa lugha yake.
- Vishikwambi na programu ya dodoso. CSPro, inayotengenezwa na Ofisi ya Sensa ya Marekani, na Survey Solutions ya Benki ya Dunia hutolewa bure.
- Programu ya uchambuzi. R ni ya bure na inatosha kabisa. Stata hufanya kazi hiyohiyo kwa leseni ya kulipia.
- Wadadisi wanaojua lugha za eneo, na bajeti yenye siku za kurudi kwenye kaya ambazo wenyewe hawakuwapo.

Hatua za kazi

1. Andika swali mpaka liwe jedwali tupu. "Nataka kujua hali ya umaskini wilayani" bado si swali. Chora jedwali utakalolichapisha mwishoni, na visanduku vyake uviache wazi: asilimia ya watu walio chini ya mstari wa umaskini (kiasi cha matumizi ambacho asiyekifikia huhesabiwa maskini), mjini na vijijini. Kila kisanduku kitakudai idadi fulani ya kaya, na kila safu itakudai swali kwenye dodoso. Swali lisilojaza kisanduku chochote liondoe. Dodoso refu humchosha mhojiwa, na majibu ya nusu ya mwisho huwa ya kumridhisha mdadisi ili aondoke.

2. Angalia kama jibu lipo tayari. Benki ya Dunia ilianzisha tafiti za kupima hali ya maisha ya kaya mwaka 1980, na Tafiti za Demografia na Afya zilianza mwaka 1984. UNICEF nayo ina tafiti zake za viashiria kuhusu watoto na wanawake. Data za tafiti nyingi za aina hiyo hutolewa kwa watafiti wanaoziomba. Kama swali lako ni la ngazi ya taifa au mkoa, huenda likajibiwa bila kumsumbua mtu yeyote. Ukizipata data hizo, ruka hadi hatua ya 7.

3. Kokotoa ukubwa wa sampuli. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo tuende polepole. Tuseme unataka kukadiria asilimia ya kaya zenye sifa fulani, kwa uhakika wa asilimia 95, na kosa lisizidi pointi 5 juu au chini. Hujui jibu litakuwa nini, basi chukua asilimia 50, kwa sababu hapo ndipo sampuli kubwa zaidi huhitajika. Kanuni ni 1.96 (namba inayoendana na uhakika wa asilimia 95) kipeo cha pili, mara 0.5, mara 0.5, gawanya kwa 0.05 kipeo cha pili. Jibu ni 384.16, yaani kaya 385.

Wanafunzi wengi huishia hapo na kuandika 385 kwenye pendekezo lao. Namba hiyo ni sahihi pale tu kila kaya inapochaguliwa peke yake kutoka orodha nzima. Wewe hutafanya hivyo, maana utamaliza fedha zote kwenye nauli. Utachagua vishada, yaani maeneo ya kuhesabia watu, kisha kaya chache ndani ya kila kishada. Majirani hufanana: wana shule moja, kisima kimoja, ardhi ya aina moja. Kaya ya kumi kutoka eneo lilelile inakuongezea maarifa machache kuliko ile ya kwanza.

Kiasi cha kulipia kufanana huko hupatikana hivi: chukua idadi ya kaya utakazohoji kwenye kila kishada, toa 1, zidisha kwa kiwango cha kufanana (0 majirani wasipofanana kabisa, 1 wakiwa sawa kabisa), kisha ongeza 1. Jibu ndilo kizidisho. Kiwango cha kufanana kikiwa 0.05 na kaya 20 kwa kishada, unapata 1.95. Zidisha 385 kwa 1.95: ni kaya 751. Ukitegemea kwamba asilimia 6 hawatapatikana au watakataa, gawanya 751 kwa 0.94. Unafika 799. Fanya 800, yaani vishada 40 vya kaya 20.

Sasa angalia kinachotokea mtu akitaka kubana gharama kwa kwenda vishada 20 tu na kuhoji kaya 40 kila kimoja. Jumla ni ileile 800, lakini kizidisho kinapanda hadi 2.95. Kaya 800 za vishada 40 zina nguvu ya kaya 410 zilizochaguliwa mojamoja. Kaya 800 za vishada 20 zina nguvu ya 271 tu. Kiwango cha kufanana nacho hutofautiana kwa kila sifa: upatikanaji wa maji au umeme hufanana mno ndani ya eneo moja, jinsia ya mkuu wa kaya kidogo sana. Kitafute kwenye tafiti zilizopita za nchi husika.

*Onyo:* usigawanye sampuli baada ya kazi. Ukiwa na kata 8, kaya hizo 800 zinakupa 100 kwa kata. Hata zote zikihojiwa, kosa lake ni takriban pointi 14 juu na chini. Kiongozi akikuomba namba za kila kata, mwambie gharama yake kabla ya kwenda uwandani, si baada.

4. Chagua vishada, kisha kaya. Tuseme wilaya ina kaya 60,000 kwa mujibu wa sensa. Panga maeneo yote kwa mfuatano wa kijiografia, mjini kando na vijijini kando, halafu jumlisha kaya moja baada ya nyingine mpaka ufike 60,000. Gawanya kwa 40: hatua yako ni 1,500. Chagua kwa nasibu namba kati ya 1 na 1,500. Ikiangukia 637, kishada cha kwanza ni kile chenye kaya ya 637, cha pili chenye ya 2,137, cha tatu chenye ya 3,637, na kuendelea. Kwa njia hii eneo kubwa lina nafasi kubwa zaidi ya kuchaguliwa.

Ukifika kwenye eneo, usianze kuhoji. Zunguka na uorodheshe kaya zote upya, kwa sababu orodha ya sensa huwa imezeeka. Watu wamehamia, nyumba zimegawanywa, nyingine hazipo. Kutoka orodha mpya chagua kaya 20 kwa hatua sawa, ukianzia namba ya nasibu. Uchaguzi huo ufanywe na msimamizi au na kishikwambi, kamwe si mdadisi. Mdadisi akiachiwa achague, atachagua nyumba yenye kivuli, iliyo karibu na barabara, yenye mtu mchangamfu mlangoni. Simlaumu, jua ni kali na miguu inachoka. Lakini walio maskini zaidi mara nyingi ndio wanaoishi mwisho wa njia.

*Onyo:* kaya isiyokutwa haibadilishwi na ya jirani. Rudi mara ya pili, rudi na mara ya tatu kwa saa tofauti. Wasiokutwa mchana ni watu wa namna yake: vibarua, wachuuzi, wanawake wanaofanya kazi mbali. Ukiwabadilisha na wanaoshinda nyumbani, utapunguza ajira kwenye takwimu zako bila kujua.

5. Tengeneza dodoso kwa uangalifu. Kwa umaskini, uliza matumizi kuliko mapato. Mapato ya mkulima huja kwa msimu, matumizi yake hayayumbi kiasi hicho. Hesabu pia chakula alicholima mwenyewe na alichopewa, ukithaminishe kwa bei za soko la hapo. Ukikiacha, vijiji vizima vitaonekana vinakaa na njaa.

Muda wa kukumbuka una uzito kuliko unavyodhani. India ilipofanya utafiti wake mkubwa wa matumizi wa mwaka 1999–2000, watu waliulizwa matumizi ya chakula ya siku 7 na ya siku 30 katika dodoso moja. Tafiti kubwa zilizotangulia ziliuliza siku 30 peke yake. Kiwango rasmi cha umaskini kikaonekana kimeshuka kutoka asilimia 36 mwaka 1993–94 hadi 26, na wachumi, Angus Deaton miongoni mwao, wakatumia miaka kupambanua ni kiasi gani cha anguko hilo kilitokana na maisha kuboreka na kiasi gani kilitokana na dodoso. Kama unataka kulinganisha na utafiti wa nyuma, nakili maswali yake neno kwa neno, hata kama unaona ungeyaandika vizuri zaidi.

Lijaribu dodoso kwa kaya chache zisizo kwenye sampuli. Litafsiri kwa lugha zitakazotumika, usimwachie mdadisi atafsiri papo hapo.

6. Simamia kazi uwandani kila siku. Pokea data kila jioni. Tazama muda wa kila mahojiano, idadi ya majibu ya "sijui", na ukubwa wa kaya kwa kila mdadisi. Mdadisi ambaye kaya zake zote ni ndogo kuliko za wenzake huenda anapunguza wanakaya ili kukwepa maswali ya kila mmoja. Msimamizi arudi kwenye baadhi ya kaya na kuuliza maswali machache upya.

Iko mbinu ya zamani ambayo naipenda sana. Prasanta Chandra Mahalanobis, aliyeanzisha Taasisi ya Takwimu ya India mwaka 1931, aligawa sampuli katika mafungu mawili yanayoingiliana na kukabidhi kila fungu kwa timu tofauti katika maeneo yaleyale. Matokeo ya timu hizo yakiachana mno, tatizo liko kwa wapimaji. Haikugharimu kitu kikubwa zaidi ya kupanga vizuri nani aende wapi.

7. Kokotoa uzani. Uzani ni idadi ya kaya ambazo kaya moja ya sampuli inaziwakilisha. Turudi kwenye mfano. Eneo moja lilikuwa na kaya 150 kwenye sensa. Uwezekano wake wa kuchaguliwa ni 40 mara 150, gawanya kwa 60,000, sawa na 0.1. Ulipoorodhesha upya ulikuta kaya 180, ukachagua 20, yaani 20 kwa 180. Zidisha namba hizo mbili na upate 1 kwa 90. Kila kaya ya eneo hilo inawakilisha kaya 90.

Kama idadi isingebadilika tangu sensa, uzani ungekuwa 75. Tofauti ya 75 na 90 ni watu waliohamia hapo baada ya sensa, mara nyingi pembezoni mwa miji. Ukiupuuza uzani, unawafuta watu hao. Kisha rekebisha kwa wasiojibu: kama kaya 18 kati ya 20 zilijibu, zidisha uzani kwa 20, gawanya kwa 18, nao unakuwa 100.

Ukitumia data za wengine, uzani umo ndani ya faili. Soma maelezo yake. Baadhi ya tafiti zina uzani wa kaya, wa wanawake na wa wanaume, kila mmoja kwa kazi yake.

8. Safisha data, na uache alama. Faili halisi lisiguswe. Kila badiliko liandikwe kwenye faili la amri ili mwingine aweze kulirudia. Majina na namba za simu ziondolewe na kuhifadhiwa kando.

Kagua umri. Mahali ambapo wengi hawajui tarehe ya kuzaliwa, umri hujazana kwenye miaka inayoishia na 0 na 5. Tumia kipimo cha Whipple: hesabu watu wa miaka 23 hadi 62 ambao umri wao unaishia na tarakimu hizo, gawanya kwa moja ya tano ya watu wote wa miaka 23 hadi 62, zidisha kwa 100. Jibu la 100 ni shwari, 500 maana yake kila mtu amekadiriwa. Likizidi 175, usichapishe jedwali la umri wa mwaka mmoja mmoja. Kwa matumizi ya kaya, chora mchoro na utazame ncha zake. Kiasi kilicho mara kumi ya vingine mara nyingi ni sifuri iliyozidi, lakini wakati mwingine ni harusi au msiba. Rudi kwenye dodoso kabla ya kufuta.

9. Kokotoa namba zenyewe. Iambie programu usanifu wa sampuli: vishada, matabaka (makundi uliyoyapanga kando, kama mjini na vijijini) na uzani. Kwenye Stata ni amri ya svyset, kwenye R ni svydesign katika kifurushi cha survey. Usipofanya hivyo, kiwango cha asilimia 40 kutoka kaya 751 kitaonekana kina kosa la pointi 3.5, wakati kosa la kweli ni karibu 5.

Amua pia kama unahesabu kaya au watu. Chukua kaya 10: tatu ni maskini zenye watu 7 kila moja, saba si maskini zenye watu 4 kila moja. Kaya maskini ni asilimia 30. Watu maskini ni 21 kati ya 49, karibu asilimia 43. Viwango vya umaskini vinavyotangazwa kwa kawaida ni vya watu, kwa hiyo zidisha uzani wa kaya kwa idadi ya wanakaya.

Usiishie kwenye asilimia ya maskini. James Foster, Joel Greer na Erik Thorbecke walitoa mwaka 1984 familia ya vipimo ambayo kila mchambuzi wa umaskini anapaswa kuijua. Tuseme mstari ni 100 na watu watano wanatumia 60, 80, 90, 120 na 200. Maskini ni asilimia 60. Pengo ni kiasi anachopungukiwa maskini kufika kwenye mstari: hapa 40, 20 na 10, jumla 70. Gawanya kwa 100 kisha kwa watu 5, na wastani wa pengo ni 0.14. Ukigawanya kila pengo kwa 100 na kuliweka kwenye kipeo cha pili kabla ya kujumlisha, kisha ukagawanya kwa 5, unapata kipimo cha tatu: 0.042. Sasa una 10 za kugawa. Ukimpa mwenye 90, asilimia ya maskini inashuka hadi 40 na kila mtu anapongezana. Ukimpa mwenye 60, asilimia inabaki 60. Pengo la wastani linashuka hadi 0.12 kwa njia zote mbili. Ni kipimo cha tatu pekee kinachomwona yule wa chini kabisa: kinakuwa 0.04 ukimpa mwenye 90, na 0.028 ukimpa mwenye 60. Mradi unaopimwa kwa asilimia ya maskini peke yake una kishawishi cha kuwasaidia walio karibu na mstari na kuwaacha waliozama. Chapisha vyote vitatu.

10. Kuwa mwangalifu na neno "kwa sababu". Utafiti wa mara moja unaonyesha mambo yanayoambatana. Kaya zilizopata mkopo zikiwa na hali nzuri, huenda mkopo umewasaidia, au huenda wenye hali nzuri ndio waliokopeshwa. Meksiko ilipoanzisha mpango wa PROGRESA mwaka 1997 wa kuzipa kaya maskini fedha kwa masharti ya shule na kliniki, tathmini yake ilihusisha vijiji 506: 320 viliingizwa mapema kwa nasibu na 186 vikasubiri. Hapo tofauti baina ya makundi iliweza kuitwa matokeo ya mpango. Kama huna mgawanyo wa namna hiyo, andika "inaambatana na" na usione haya.

Mambo yakikwama

*Kiwango changu hakilingani na cha serikali.* Kagua kwa mpangilio huu: mstari wa umaskini, kaya au watu, kama matumizi ya kaya yamegawanywa kwa kichwa au kwa kuzingatia umri wa wanakaya, chakula cha shambani, msimu wa utafiti. Kama umetumia mstari wa Benki ya Dunia, kumbuka ulikuwa dola 2.15 kwa siku tangu 2022 na umekuwa dola 3.00 tangu Juni 2025. Dola hizo ni za uwezo wa kununua, yaani zimerekebishwa kwa tofauti za bei kati ya nchi, huzibadilishi kwa bei ya duka la fedha.

*Mwaka jana nilipata 40, mwaka huu 36. Je, umaskini umeshuka?* Kwa sampuli ya mfano wetu, huwezi kusema. Kosa la kila namba ni karibu pointi 5, na tofauti ya namba mbili ina kosa kubwa zaidi, karibu 7.

*Jumla ya uzani inatofautiana sana na idadi ya kaya inayojulikana.* Mara nyingi orodha mpya ya kishada kimoja au viwili ina kasoro, mdadisi alivuka mpaka wa eneo au aliishia katikati. Panga vishada kwa uwiano wa kaya ulizozikuta na zile za sensa, anza na vilivyo kwenye ncha, uvilinganishe na ramani.

*Eneo halifikiki kwa mafuriko au vita.* Usichague jingine kimyakimya. Subiri kama inawezekana, la sivyo liache na useme wazi kwenye kichwa cha jedwali kwamba takwimu haziwahusu wakazi wa hapo.

*Fedha zimepungua kabla ya kuanza.* Punguza kaya ndani ya kila kishada kabla ya kupunguza vishada. Vishada 40 vya kaya 15 ni kaya 600, kizidisho chake ni 1.7, na nguvu yake ni ya kaya 353. Vishada 30 vya kaya 20 navyo ni kaya 600, lakini nguvu yake ni ya 308. Tofauti ya gharama ni safari 10 zaidi, kwa hiyo piga hesabu ya mafuta na posho kwa njia zote mbili kabla ya kukata chochote.